Aliyegusa Orodha

Tarehe 4 Machi

Kwa walinzi wa kiini cha lugha,

Mimi ni mwandishi wa programu. Lugha yenu ya kuandikia programu nimeitumia miaka kadhaa na sijawahi kuwasumbua kwa lolote. Leo naomba mnisikilize.

Kuna programu niliyoiandikia ofisi moja. Kazi yake ni kupanga watu foleni. Kila mtu amepewa daraja: la kwanza, la pili au la tatu. Wa daraja la kwanza hutangulia, na walio daraja moja hufuatana kwa jinsi walivyofika. Kupanga kwenyewe sikufanyi mimi, naiachia ile amri ya kupanga mliyoiweka ndani ya kiini cha lugha. Mwaka mzima imepanga bila neno. Mwezi uliopita watu wa daraja moja wakapishana, aliyefika nyuma akatokea mbele.

Swali langu ni moja. Je, amri yenu inaweza kufanya hivyo yenyewe, bila mkono wa mtu? Nimeambatisha programu nzima na orodha yote, majina tu ndiyo nimeyafuta. Nitashukuru mkinijibu mapema, kuna jambo linasubiri jibu hilo.

Kisiki

*

Tarehe 6 Machi

Ndugu Kisiki,

Barua zote za walinzi wa kiini huishia kwangu. Tuko watatu, tunafanya kazi hii kwa kujitolea, na wenzangu wananiita Bawabu kwa sababu hakuna kiraka, yaani rekebisho la programu, kinachoingia ndani ya kiini kabla sijakikagua, na vingi navirudisha kimoja kimoja kwa mwenyewe. Chumba changu kiko juu ya duka la fundi cherehani. Nikisoma msimbo mbaya, cherehani zake hunisaidia nisisikike ninavyoguna.

Jina lako la kazi limenichekesha. Kisiki cha mpingo au cha mpapai? Tutajua mbele ya safari.

Ulichoambatisha sikukifungua. Usinune, ni desturi yetu. Kila anayeripoti hitilafu huipunguza kwanza yeye mwenyewe: unatoa kitu kimoja kisichohusika, unajaribu, unatoa kingine, unajaribu tena, mpaka unabaki na mfano mdogo kabisa ambao bado unakosea. Huo ndio unatuletea. Watu kumi kwenye foleni wanatosha sana. Tungefungua kila programu nzima inayoletwa hapa tusingekagua kiraka hata kimoja.

Na visa vya ofisini viache hukohuko. Mwaka jana mtu mmoja alitusimulia ndoa yake yote kabla ya kufika kwenye mabano aliyosahau kuyafunga. Tulimhurumia, lakini mabano yalikuwa yake.

Bawabu

*

Tarehe 9 Machi

Bawabu,

Nimefanya ulivyosema. Nimetoa kurasa, vitufe, tarehe, kila kitu, nikabaki na majina na daraja. Kisha nikaanza kupunguza watu mpaka wakabaki kumi.

Sasa inapanga sawasawa. Nimejaribu kwa watu wanane, nikajaribu kwa kumi na wawili, nimewachanganya kila namna ninayoijua. Hakuna anayempita mwenzake. Nikirudisha programu nzima na orodha yote, wanapishana palepale walipopishana.

Wewe umeona hitilafu nyingi kuliko mimi. Nieleze kwa uzoefu wako maana yake ni nini, na naomba jibu lisilopinda, kwa sababu sitalisoma peke yangu.

Kisiki

*

Tarehe 11 Machi

Ndugu Kisiki,

Jibu lisilopinda ni hili. Hitilafu ikipotea unapopunguza, basi ilikuwa ndani ya kile ulichokitoa. Ndivyo tunavyofundishana hapa, na mara chache sana imetuangusha. Amri ya kupanga inatumiwa na maelfu ya watu kila siku. Ingekuwa inarusha watu juu ya vichwa vya wenzao tungesikia kelele zamani. Mfano wako mwenyewe umeisafisha lugha.

Kwa hiyo lugha ni nzima. Kuna mtu aliyegusa orodha kabla haijapangwa, au baada. Usimtafute mbali. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ripoti yako naiacha wazi kwa siku chache, kama una la kuongeza.

Bawabu

*

Tarehe 20 Machi

Bawabu,

Asante. Aliyegusa orodha nimempata. Unaweza kuifunga ripoti.

Kisiki

*

Tarehe 17 Mei

Ndugu Kisiki,

Kaa chini kabla hujaendelea kusoma, nina habari zitakazokufurahisha.

Mwenzetu tunayemwita Mwalimu, ambaye ndiye aliyeandika amri ya kupanga, alileta kiraka cha kuiongezea kasi. Nikawa nakikagua mstari kwa mstari, kama kawaida yangu, huku fundi wa chini akishona sare za shule. Nikafika mahali palipoandikwa kwamba orodha isiyozidi kumi na sita hupangwa kwa njia moja na inayozidi hapo kwa njia nyingine. Mstari huo una umri mkubwa na sote tulikuwa tumeuzoea, hakuna aliyekuwa akiutazama tena.

Ile njia ya orodha fupi inamchukua mtu mmoja mmoja na kumweka mahali pake, kama karani anavyopanga mafaili mezani. Walio sawa hawapitani. Ile ya orodha ndefu ina haraka zaidi: inachagua mtu mmoja katikati, inawatupa hawa upande huu na hawa upande ule, na walio sawa wanaweza kuangukia popote. Kwa hiyo ulipowapunguza watu wako hadi kumi, uliiua hitilafu kwa mikono yako mwenyewe, tena kwa kunitii mimi. Nimekwenda kufungua ile programu nzima uliyoileta Machi. Nikaiendesha bila kubadilisha hata nukta. Wamepishana mbele ya macho yangu.

Mwalimu ameanza ubishi. Anasema mwongozo wa lugha haukuahidi popote kwamba walio sawa watabaki walivyokuja, na kisichoahidiwa hakiwezi kuitwa hitilafu. Nimemwambia mtu akikufungulia mlango kila asubuhi mwaka mzima, siku akiubamiza usoni mwako hawezi kujitetea kwamba hakuwahi kuahidi kuufungua. Amenuna, lakini amekubali. Ripoti yako nimeifungua upya na nimeondoa maneno niliyoyaandika juu yake, "Si hitilafu, ni mkono wa mtu". Sasa panasomeka "Hitilafu".

Nakuomba uandike kiraka wewe mwenyewe. Umestahili. Na yule mtu uliyesema umempata, nadhani ulimpata bure. Mwombe radhi, mnywe chai, yaishe.

Bawabu

*

Tarehe 19 Mei

Bawabu,

Chai hakuna.

Ulikataza visa vya ofisini nikatii. Sasa utavumilia kimoja. Ile orodha ni ya wagonjwa wanaosubiri kupasuliwa macho katika kliniki. Anayekaa dirishani, anayeandika majina yao na kubandika orodha mlangoni kila Jumatatu, ni dada yangu. Yeye alikuwa pale kabla yangu. Kliniki ilipotafuta mtu wa kuwaandikia programu, yeye ndiye aliyewaambia ana mdogo wake.

Walikuwa na madaktari wawili wa upasuaji, kila mmoja na foleni yake fupi. Februari mmoja alihama na foleni zikaunganishwa kuwa moja ndefu. Sasa unaelewa kwa nini mwaka mzima hakukuwa na neno. Jumatatu ile watu wa daraja la pili wakapishana, na mmoja wa waliotokea mbele alikuwa mama anayekaa nyumba moja na dada yangu, ukuta kwa ukuta. Maneno ya hongo yakaanza kwenye mabenchi. Dada akasema hakugusa kitu. Watu wakasema lisemwalo lipo. Kliniki ikaunda kamati, na kamati ikaniita mimi, niliyeandika programu, niseme kama inaweza kupanga vile yenyewe.

Ndiyo maana nilikuandikia. Ulipojibu, nilisimama mbele yao nikasema programu ni nzima na lugha ni nzima, na walinzi wa lugha wamethibitisha. Nikaisoma barua yako kwa sauti, pamoja na methali yako. Dada yangu alikuwa amekaa karibu na dirisha. Iliposomwa methali alinitazama, halafu akaitazama mikono yake. Alisimamishwa kazi kabla ya kikao kufungwa, na askari wa getini aliyekuwa akimtania kila asubuhi akamwambia aache kitambulisho.

Sikulaumu, au nakulaumu kidogo tu. Wewe ulisema kuna mtu aliyegusa. Mimi ndiye niliyesema ni nani. Naumia, Bawabu, na kila nikiwaza la kumwambia naona halitoshi.

Kiraka nimekiambatisha. Kazi ni kazi.

Kisiki

*

Tarehe 22 Mei

Kisiki,

Barua yako nimeisoma wakati umeme umekatika na cherehani za chini ziko kimya, nikakosa pa kujificha. Methali ile niliitia kwa kujifurahisha, kama mtu anayeonja chungu cha jirani na kukiongezea chumvi bila kuombwa. Naona aibu. Nimekaa na barua yako mchana kutwa na bado naona aibu.

Nimeiandikia kamati ya kliniki. Nimejitahidi nisitumie neno hata moja la kazi yetu. Nimewaomba waitoe orodha ya Februari kama ilivyoandikwa dirishani kwa mpangilio wa kufika, waiweke kwenye kompyuta yoyote wanayoiamini, mtu wanayemwamini abonyeze, na wengine wote wakae mbali. Watamwona yule jirani akipanda peke yake. Mwishoni nimetia sahihi kwa jina langu kamili, ambalo hata Mwalimu halijui.

Kiraka chako nakirudisha. Kinapanga vizuri na maandishi yake ni safi, ila hakina jaribio la orodha ndefu, la kupiga kelele mtu akikivuruga. Kiongezee. Usidhani nina roho mbaya wakati kama huu. Kikiingia bila jaribio, kuna siku mtu mwingine atataka kasi, atakiondoa akidhani hakina kazi, na dirishani patakuwa na dada wa mtu mwingine.

Ile desturi ya kutofungua kilichoambatishwa nimeifuta. Mwalimu anasema tutazama kwenye kazi. Nimemwambia tutaogelea.

Bawabu

*

Tarehe 8 Juni

Bawabu,

Walifanya jaribio mbele ya kamati nzima. Daktari mkuu alibonyeza mwenyewe. Jirani akapanda. Wakarudia kwa kompyuta nyingine, akapanda tena, na safari hii akawapita hata wajumbe wawili wa kamati, maana walikuwa wameongeza majina yao kwa mzaha. Kuna aliyecheka.

Barua ya kumrudisha dada kazini iliandikwa alasiri hiyohiyo. Niliomba niipeleke mimi. Aliipokea akiwa amesimama mlangoni, akaisoma mpaka mwisho, akasema asante, akaniuliza watoto hawajambo, akafunga mlango taratibu. Hakunitukana. Afadhali angenitukana, ningejua pa kuanzia.

Tangu hapo nimeenda mara mbili, ananikaribisha kama mgeni. Ananiuliza kama chai nataka na sukari, yeye aliyeniwekea sukari tangu sijajua kushika kikombe.

Nina ombi lisilohusu msimbo. Mwandikie. Wewe anakuheshimu, ile barua yako kwa kamati ameomba nakala na ameihifadhi. Mweleze kwamba ushauri ulitoka kwako, kwamba hata mtaalamu angekwenda njia ileile, na mimi nilichofanya ni kufuata waliobobea. Kutoka kwangu inaonekana najitetea.

Jaribio nimeliongeza. Nimetumia watu arobaini.

Kisiki

*

Tarehe 10 Juni

Kisiki,

Kiraka kimeingia. Hakikuwa na doa. Kitatoka katika toleo lijalo, na matoleo ya zamani nayo tutayatengeneza, ndiyo adhabu yetu watatu kwa msimu huu.

Kwa dada yako nimeandika kama ulivyoomba. Sikutia methali.

Bawabu

*

Tarehe 21 Juni

Kwa Bawabu,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia nikiwa dirishani. Kiti changu walishakigawa, nimepewa kingine kinachoyumba, nimekunjia karatasi mguu mmoja. Orodha ya Jumatatu nimeibandika mwenyewe. Watu waliisoma kwa kidole, jina baada ya jina, hakuna aliyenitazama mpaka alipofika mwisho. Wana haki, nami ningekuwa nasubiri jicho langu ningesoma hivyohivyo.

Yule jirani yangu hali yake nakwambia kwa sababu hakuna aliyeiuliza. Aliyesemwa kapokea alisemwa pamoja na aliyesemwa katoa. Mimi kamati imenisafisha kwa barua yenye muhuri, yeye hakuna aliyemwandikia. Jicho lake lilipasuliwa, anaona vizuri, na kitu cha kwanza alichokiona ni watu wakihama benchi alilokalia. Siku hizi nikitoka kazini nampitia, tunakwenda sokoni pamoja, tunapita katikati kabisa, polepole, tukiongea kwa sauti.

Unasema ungependa jina langu liandikwe kwenye ukurasa wa shukrani wa lugha yenu. Nashukuru, lakini acha. Sikugundua kitu. Nilisema sikugusa, basi.

Unasema pia kwamba kosa la kunishuku ni lako, kwamba mdogo wangu alifuata ushauri wa waliobobea na hata mwingine angefanya hivyo, kwa hiyo nisimwekee kinyongo. Umeandika vizuri na naona una utu. Ila naona umepewa habari nusu.

Wewe hunijui. Umeambiwa foleni ya mahali fulani imevurugika, ukasema atafutwe aliyeigusa. Hata mimi ningesema. Sina kinyongo na wewe hata chembe.

Yeye nimemlea. Mama alipofariki alikuwa mdogo kiasi kwamba alidhani mama amesafiri, na aliyemweleza ukweli ni mimi. Mwezi ule wa tatu, kabla ya kikao, alikuja nyumbani Jumapili kama kawaida yake. Nikampakulia, akala, huku anatazama huku na huku. Akaniuliza pazia la sebuleni nimelipata wapi. Nikafurahi, nikadhani mkewe kalipenda. Nikamwelekeza duka na mtaa, nikamwambia akifika aseme katumwa na mimi atapunguziwa. Akauliza na redio. Nikamwambia redio ni ileile, leo nimeifuta vumbi. Tukacheka sana.

Kwenye kikao, alipomaliza kusoma barua yako, mwenyekiti alimwuliza kama ameona mabadiliko yoyote katika maisha yangu siku za karibuni. Akataja pazia.

Najua hilo hakukuandikia, kwa sababu katika barua yako hakuna pazia.

Anakuja bado. Nampakulia na anakula, na sukari namwekea tena bila kumwuliza. Nitamsamehe, ni mdogo wangu, nitamtupa wapi. Lakini usiniambie alifuata waliobobea. Alikuandikia wewe asiyekujua, akasubiri jibu, akapunguza ulichomwambia apunguze, akakuandikia tena na kukusihi umpe jibu lisilopinda. Kwangu anafika kwa mguu. Jumapili ile alikaa mbele yangu, sahani yangu mkononi mwake, na swali lenyewe lilikuwa fupi: dada, umechukua?

Ningemjibu.

Karani wa dirishani